Mama Zamu, Aliyegawa Bustani Bila Kuikata

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkunga. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na bafu moja. Dada yake mkubwa, ambaye yupo nasi hapa, anashuhudia kwamba tangu akiwa na miaka saba marehemu ndiye aliyekuwa akipanga nani aoge saa ngapi. Siku moja baba yao aligonga mlango kabla ya wakati wake, akajibiwa kutoka ndani, "Baba, bado watu wawili." Mzee akarudi kukaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza sekondari mwaka 1976. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha kilimo kusomea bustani na miti ya mjini, darasa la watu thelathini na mmoja wakiwamo wanawake wanne tu, akatunukiwa cheti tarehe 30 Novemba 1978. Mkufunzi wake aliandika kwenye ripoti: "Hodari, ila hubishana na walimu." Ripoti hiyo marehemu aliitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, na mgeni asiyeisoma alisomewa.

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa na idara ya bustani ya jiji, kitengo cha miche. Huko ndiko alikokutana na mume wake, fundi bomba, aliyeitwa kutengeneza bomba la kitalu akarudi mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mkuu wa kitengo alipouliza kwa nini bomba lilelile linaharibika kila wiki, mfanyakazi mmoja alimjibu, "Bomba ni zima, mzee. Mgonjwa ni fundi." Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983, wakajaliwa watoto watatu. Kwa miaka arobaini kasoro miezi michache walibishana kuhusu kila kitu isipokuwa watoto na chai.

Mwaka 1990 alikabidhiwa bustani iliyo nyuma ya maktaba: ekari sita, bomba moja, wafanyakazi watatu, na mji mzima unaoitaka. Wacheza mpira walichimbua nyasi. Kina mama wa mazoezi waliwalaumu wacheza mpira, kwaya ikawalaumu kina mama kwa kelele, na wapiga picha za harusi wakaingia na maharusi wao katikati ya maua kana kwamba maua yalipandwa kwa ajili yao peke yao. Ilipofika mwaka 1998 idara ilichoka. Wakubwa waliamua nusu ya bustani izungushiwe uzio, ipewe klabu moja iitunze kwa wanachama wake. Marehemu alipanda ngazi hadi ofisi ya mkuu wa idara, bado amevaa buti za kazini, akamwambia, "Nipe mwezi mmoja. Wanaoitumia wataitunza wenyewe, wote, bila uzio."

Akapewa mwezi, na siku ya ukaguzi ikawekwa Alhamisi, tarehe 18 Juni. Aliyazungukia makundi yote akayasihi, na yote yakaitikia kwa moyo mmoja. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jumatano, siku moja kabla ya ukaguzi, wacheza mpira walimwagilia nyasi alfajiri. Kina mama wakamwagilia saa tatu. Kwaya ikamwagilia mchana, na wapiga picha, ambao hawakuwahi kushika mpira wa maji maishani mwao, wakamwagilia jioni. Kila kundi lilikuwa na hakika kwamba mengine yatasahau. Asubuhi mkaguzi mkuu alipiga hatua tatu kwenye nyasi, ya nne kiatu chake kikabaki kwenye tope, yeye akatokea upande wa pili na soksi.

Marehemu hakumung'unya maneno. "Mkubwa, hapa hakuna aliyezembea. Jana wamemwagilia mara nne. Kosa ni langu, niliwaambia wote watunze, sikumwambia nani lini."

"Sasa unataka nini?" aliuliza mkaguzi, akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Ubao. Na miezi sita."

Mkaguzi alicheka mpaka ikabidi ashikwe asianguke. Ubao ukaja. Kila kundi liliandikiwa saa yake ya kuitumia bustani na, chini yake, saa yake ya kuifanyia kazi. Wa mpira walifukia mashimo, kwaya ilifagia njia, kina mama walipalilia, na wapiga picha walifundishwa kupogoa mawaridi, wakalalamika mwaka mzima, kisha wakawa ndio wanaoyalinda kuliko wote. Uzio haukujengwa. Tangu mwaka huo mji ukamwita Mama Zamu.

Tusimsifu kupita ukweli: chaki ya ubao ule hakumpa mtu. Alistaafu tarehe 31 Machi 2017, jiji halikuleta mtu badala yake, naye akaendelea kwenda kila asubuhi, bila cheo, kuandika mwenyewe. Mume wake alipomwomba apumzike alijibu, "Nikiacha, siku mbili watagombana, siku ya tatu utasikia uzio." Hofu hiyo alikuwa nayo kwa miaka mingi, na ilimnyima usingizi.

Tarehe 6 Februari 2022 alipata kiharusi, upande wa kushoto ukamgomea. Kwa mwaka mzima na zaidi hakuiona bustani. Alipouliza hali yake watoto walimwambia ni safi, naye akawajibu, "Nyinyi mngeniambia safi hata kama wanalima mahindi." Jumamosi tarehe 22 Aprili 2023 binti yake wa kati, ndiye anayesoma wasifu huu, alimpeleka kwa kiti cha magurudumu. Marehemu akataka wakatize kwenye nyasi za upande wa maktaba. Dada mmoja mwenye reki akawazuia.

"Shikamoo, mama. Samahani, huku hakupitiki mwezi huu. Tumepanda upya."

"Nimepita hapa miaka thelathini."

"Hata kama, mama. Magurudumu yatakwangua miche. Zungukeni kule kwenye mawaridi."

Binti yake alifungua mdomo amweleze yule dada anaongea na nani. Marehemu akamfinya kwa mkono wake mzima.

"Nani ameamua hayo?"

"Sisi wenyewe. Wa mpira, kwaya, wote. Tulikaa pale chini tukabishana weee, mpaka tukakubaliana."

"Na Mama Zamu alisemaje?"

"Mimi simjui, nimeanza kuja mwaka huu. Nasikia alikuwa mkali."

Wakazunguka. Iliwachukua dakika ishirini, na njia nzima marehemu alicheka huku machozi yakimtoka. "Umesikia? Hanijui! Hanijui, na bado kanizungusha!" Kila mgeni aliyekuja kumtazama baada ya hapo alihadithiwa, na usiku alianza kulala vizuri.

Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia, na majirani ambao hawakuchoka kuvumilia amri zake.

Ameacha mume, watoto watatu, ambao ni muuguzi, mwalimu na fundi bomba, wajukuu saba, dada wawili, kaka mmoja, na bustani ya ekari sita ambayo haimhitaji tena. Hilo ndilo alilolihangaikia maisha yake yote, na alilishuhudia kwa macho yake. Alale salama mama yetu.