Aminieli Ndetaulwa, Aliyepima Watu kwa Ngazi

Ndugu na majirani mliopanda mpaka hapa Kidia, poleni, na wazee shikamooni. Karatasi hii nimeiandika mara tatu, na mara zote shemeji yangu Tabitha alinirudishia akisema, "Eliufoo, hapa umeficha." Leo sifichi.

Kaka yangu, Aminieli Ndetaulwa Mmbando, alizaliwa tarehe 12 Februari 1909 hapahapa Kidia, Old Moshi, akiwa wa kwanza kati yetu wawili. Alisoma shule ya misheni tangu 1917 hadi 1924. Alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kuimba, Mungu amsamehe.

Mwaka 1927 aliajiriwa kuwa dresa katika hospitali ndogo ya wafanyakazi wa mashamba, chini kule Rau. Aliajiriwa kufunga vidonda, lakini akili yake haikutosheka. Kila mgonjwa alimwuliza amekunywa dawa gani nyumbani, wala hakumgombeza. Aliandika daftarini ni gome gani, ni mzizi gani, na kama ulisaidia. Mzee mmoja alimpa dawa ya tumbo, naye akainywa mwenyewe kwanza. Alishinda chooni siku mbili, kisha akaandika: "Hii, hapana."

Tangu 1938 alianza kuwapima waliokuwa wakingoja kupasuliwa. Aliwapandisha ngazi za pale hospitalini mara mbili, akawashika kifundo cha mkono huku akitazama saa. Mapigo yakigoma kutulia baada ya dakika tatu, alichora mstari mwekundu kando ya jina. Kwa miaka minane aliandika watu mia mbili na sita, na wengi wa wenye mstari hawakurudi makwao. Ikafika mahali daktari hashiki kisu bila kumwuliza kaka.

Jamani, sifa ile ilikuwa jela! Sokoni watu walimwamkia kwa mbali. Mama mmoja aliuvuta mkono wa mumewe: "Usimpe, atakuhesabu!" Mara mbili aliomba kuacha kazi arudi kwenye kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, daktari alikataa, na yeye mwenyewe alishindwa kuondoka. Aliniambia, "Nikienda, watampasua asiyeweza. Nikibaki, ni mimi wa kumwambia mama kwamba mwanawe hapasuliki. Niende wapi?"

Nyumbani ndiko alikopumua. Alifunga ndoa na Tabitha tarehe 4 Oktoba 1933, na kwa migomba yake na ng'ombe wake wawili alikuwa mtu wa kucheka mpaka majirani wakasikia.

Mwezi Mei mwaka huu, 1956, tumbo lilimvimba na chakula hakikukaa. Daktari alitaka ampasue. Kaka alizipanda ngazi zilezile, akajishika mkono, akachora mstari kando ya jina lake mwenyewe. Akasema, "Eliufoo, sivuki. Nipelekeni nyumbani, siku zilizobaki nikae na Tabitha." Tabitha alikubali. Mimi nilikataa. Niliona nikimwacha hivyo nitakuwa nimemzika akiwa hai. Nilikata jani la isale, nikalipiga fundo, nikampelekea kitandani. Mnajua desturi yetu: aliyeletewa isale hakatai, hata kama anayeomba ni muuaji wa nduguye.

"Umenibana, mdogo wangu," akasema, akalipokea.

Alipasuliwa tarehe 7 Juni. Tarehe 9 asubuhi alifariki, bila kuwa amezungumza tena na mkewe.

Ameacha mjane, Tabitha, watoto watatu, Melkior, Yuditha na Elizabeth, wajukuu wawili, na mimi mdogo wake. Shemeji, nimesoma yote. Siku alizotaka kukaa nawe, ni mimi niliyewanyang'anya, kwa kuwa niliogopa kubaki peke yangu. Nakuomba msamaha mbele ya watu hawa.

Nawe kaka, Bwana akulaze kwa amani yake. Lala. Hakuna atakayekuomba kitu tena.