Mzee Nathanaeli Ntandu, Mchagua Madume wa Ilongero

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani zetu na ninyi mliotoka mbali, mimi ni Isaka, mtoto wa mwisho wa marehemu, na ukoo umeniomba niwasomee maisha ya baba yangu kwa ufupi na kwa heshima, nami nitajitahidi kuwa mfupi.

Mzee Nathanaeli Alute Ntandu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa hapa Ilongero, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma mpaka darasa la nne mwaka 1964, kisha babu akamtoa shule akachunge, jambo ambalo baba hakulisamehe hata babu alipokuwa anakata roho, na sisi watoto tulisimuliwa kila tulipoomba ada.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika ranchi ya ng'ombe wa nyama mkoa wa jirani, akapanda kutoka uchungaji mpaka usimamizi wa madume, na huko ndiko alikojifunza yote yaliyompa jina, kutenga madume na majike mpaka Februari ili ndama wazaliwe mvua zikianza, kumwachisha ndama kunyonya akitimiza miezi saba, kukagua miguu, mgongo na korodani za kila ndama dume, kisha kumbakiza mmoja awe wa mbegu na wengine wote kuwapitishia koleo la kuhasi wawe maksai. Alirudi nyumbani mwaka 1988 akaanzisha kundi lake, watu wakawa wanatoka mpaka Kinampanda kuja kuazima dume lake, na mbele ya jeneza sharti niseme kweli, katika ng'ombe hakuwahi kukosea kuchagua.

Alifunga ndoa na mama yetu, Kristina, tarehe 20 Novemba 1976, wakajaliwa watoto watatu, Laurenti mwaka 1978, Catherine mwaka 1980 na mimi mwaka 1983, naye alitukagua kwa macho yaleyale. Laurenti akawa wa mbegu, akapelekwa shule ya bweni Dodoma angali mdogo, na mama alipolia baba akamwambia kwamba ng'ombe yeyote akiachishwa ndama hulia juma moja akasahau, ila mama, aliyefariki mwaka 2006, hakusahau. Catherine alisifiwa mara moja tu, siku ng'ombe wa mahari yake walipoingia zizini. Mimi nilipomaliza darasa la saba aliniita maksai wake, mbele ya wageni, huku anacheka, na jina likaniganda, maana nilikuwa na nguvu na kazi za zizi zilikuwa nyingi.

Mwaka 2009 nilimposa Editha wa Unyambwa, wajomba zake wakaja uani hapa kuzungumzia mahari, baba akawakaribisha vizuri, wakanywa chai, kisha akawaambia kwamba maksai hapewi jike, hupewa nira, wao wakadhani mzee anatania, wakakaa kusubiri, na hawakupewa hata ndama. Editha aliolewa kwingine mwaka uliofuata, leo amekuja kumzika baba akiwa na wanawe, nami namshukuru, iliniuma na bado inaniuma, sijaoa.

Tarehe 3 Juni 2022 baba alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa, nikawa namwogesha, namgeuza na kumlisha uji, na kila ndama walipofikia umri alitaka abebwe kwenye kiti mpaka mlango wa zizi, akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kuchagua, nami nikashika koleo. Mwaka jana, mbele ya baba mdogo Sostenes na wazee, alitamka kwamba kundi lote ni la Laurenti, na kwamba Kamanda, dume la mbegu, asiuzwe wala kuchinjwa, kizazi chake kiendelee mikononi mwa Laurenti, na alipokuwa anayasema hayo mimi ndiye niliyemshika mgongo asianguke. Kaka yangu hakukanyaga hapa ugonjwa wote. Baba alifariki Jumanne tarehe 14 Januari 2025 hospitalini Singida mjini, kwa homa ya mapafu, Jumatano kaka akafika, kikao cha ukoo kikauthibitisha usia, na lori mnaloliona pale barabarani linasubiri tumalize kuzika.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea kila mara bila kunung'unika, majirani waliotuletea maji na kuni, wanakwaya, wafugaji wenzake, na kaka Laurenti kwa jeneza zuri. Shukrani za pekee ziwaendee vijana walionishikia kamba juzi Alhamisi asubuhi, kaka alipokwenda mjini kutafuta lori, tukamwangusha Kamanda, nikampitishia koleo, kisha madume wadogo waliokuwa wanaandaliwa kumrithi, kisha kila ndama dume wa msimu huu, na kwa kuwa Februari haijafika na majike hayajapandwa, mimba ya Kamanda haipo popote katika zizi hili. Kaka, pakia taratibu, wala usiogope pembe, watakuwa wapole.

Pumzika kwa amani, baba, zizini kwako hakuna tena dume wa kuchagua.