Mwalimu Wanjala na Shule Iliyoshika Mkia

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Wanjohi, mkwe wa marehemu, na familia imenipa kazi hii kwa sababu, kwa maneno ya mjane wake, Mama Peris, "wewe angalau utamaliza kusoma bila kulia."

Mwalimu Nahashon Wanjala alizaliwa tarehe 9 Februari 1946 huko Kimilili, Bungoma, akasoma huko huko, akahitimu ualimu Kaimosi mwaka 1967, akamwoa Mama Peris tarehe 16 Desemba 1972, wakajaliwa mtoto mmoja, Nekesa, ambaye nilipokwenda kumposa mwaka 2003 baba yake hakutaja ng'ombe, aliniuliza alama zangu za darasa la nane, kisha akaziandika daftarini mbele ya wajomba zangu, ambao hawajasahau.

Kuanzia 1984 hadi alipostaafu 2001 alikuwa mkaguzi wa shule, na walimu waliujua mlio wa pikipiki yake kuliko wimbo wa taifa.

Mwaka 2010 yeye na Mama walihamia kwetu huku ughaibuni, mjini New Hope. Mwaka 2014 shule ya mtaa, alikosoma mjukuu wake, ikashika mkia katika mtihani wa jimbo, bodi ya elimu ikaitisha kikao cha tarehe 13 Mei kuamua kama ifungwe, na sisi tukaanza kutafuta shule mji jirani wa Golden Valley. Mzee akatuuliza, "Mnahamisha mtoto na shule haijakaguliwa?" Tukamwambia imeshapimwa. Akasema waliopimwa ni watoto.

Kesho yake alivaa suti, akafika kabla ya mwalimu mkuu, kama ilivyo desturi ya wakaguzi wa kwetu, akaanzia vyooni. Katibu wa shule alipoona tai na faili akaamini katumwa na jimbo, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, Mwalimu hakuona haja ya kujibu; akazungushwa madarasa yote, akaonja chakula, ambacho alikipa alama ya chini kabisa, akakaa nyuma ya darasa ambamo Mutesi, binti aliyetoka kambi ya wakimbizi miezi michache tu nyuma, alikuwa akimweleza mwenzake hesabu kwa Kiswahili cha Kongo, mwalimu wao akiwaacha waendelee.

Kikaoni alieleza hayo yote, mwenyekiti akasikitika kwamba fomu haina nafasi ya mambo kama hayo, naye akamwambia, "Basi mwanangu, ongeza karatasi." Ukumbi ulicheka, na hapo ndipo Bernardine, mama yake Mutesi, aliposimama, Mwalimu akimtafsiria: "Ule mtoto alikuwa hasemi kitu. Sasa ku nyumba hanyamaze! Ile munaandika wapi?" Kura zikawa nne kwa tatu, shule ikabaki, na habari za Golden Valley zikaishia hapo.

Oktoba 2017 alipatikana na saratani ya kongosho, akalazwa hospitalini Maplewood, na tarehe 3 Aprili 2018 Bwana akamwita, akiwa ameshakagua wodi nzima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ukaguzi huo, majirani walioleta chapati hadi friji ikakataa kufungika, na wafanyakazi wenzake Nekesa walioshika zamu zake. Mwalimu mkuu wa shule ile anaomba radhi kwa kuja peke yake, kwani asubuhi hii watoto wote wako kwenye mtihani wa jimbo.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Shule iko wazi.