Habari ya Tangi Niliyoikana

Assalamu alaykum, walimu wenzangu na wazazi mliokuja. Nimeombwa niseme, nikakubali. Majina sitayataja.

Nilikuwa mlezi wa klabu ya waandishi wa habari, skuli moja ya Ng'ambo, mjini Unguja. Wanafunzi walikuwa na gazeti la ukutani, karatasi zinabandikwa ubaoni karibu na ofisi. Mashairi, mpira, matokeo. Hakuna aliyetugombeza. Mpaka msichana mmoja wa kidato cha tatu akaandika habari ya tangi la maji ya kunywa. Watoto walikuwa wakiumwa na matumbo. Akapanda na mwenzake, akakuta mfuniko umepasuka na panya kafia ndani. Akenda kumuuliza mwalimu mkuu, akafukuzwa mlangoni. Akaliandika na hilo. Nikaisoma mara mbili daftarini mwake, nikasahihisha tahajia kwa kalamu nyekundu, nikamwambia, "Bandika."

Haikufika saa nne asubuhi, karatasi ishachanwa. Tukaitwa ofisini, mimi na yeye. Mwalimu mkuu hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Hii uliiona?"

Ndugu zangu, nawaambia kweli. Nilisema, "Sikuiona."

Mtoto alikuwa kasimama ubavuni pangu. Akanitazama mara moja, akainamisha kichwa. Akaambiwa arudi kwao mpaka kamati ya skuli ikutane kumjadili, kwa kuizulia skuli uongo.

Zilipita siku sita. Siku hizo sikuwa mtu. Simu ikilia, naiacha ilie. Nikimwona mhudumu wa ofisi anakuja darasani kwangu, chaki inanianguka mkononi. Nilikuwa nnaogopa yule mtoto atalitoa daftari lake, maana lina wino wangu. Nalisema kwa aibu: niliomba lipotee.

Siku ya tano nikaenda kwao. Mama yake akanikaribisha mkekani kwa heshima zote, hajui kitu. Hilo likanimaliza. Mtoto alipotoka nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Daftari liko wapi?"

"Lipo, Mwalimu."

"Mbona hukulionesha?"

Akasema, "Si ulitufundisha klabuni, mtu akiogopa tusimtaje?"

Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikamweleza mume wangu. "Watanihamisha," nikamwambia. "Labda watanifukuza kabisa."

Akasema, "Na mimi naogopa. Lakini kesho nenda kaseme."

Kamatini nilisimama kabla sijaulizwa, kwa sababu nilijua nikingoja nitanyamaza. "Habari ile niliisoma mimi. Niliipitisha mimi. Siku ile nilisema uongo."

Mwalimu mkuu akaniuliza, "Mwalimu, unajua unachosema?"

"Najua."

Ndipo mjumbe mmoja, mama mtu mzima, akasema, "Mie nataka kujua kitu kimoja tu. Tangi safi au chafu?" Asijibiwe. Akainuka. "Basi tukatazame."

Wakatoka wote. Nikabaki na mwalimu mkuu, meza katikati yetu, hatutazamani. Sijapata kuogopa vile maishani mwangu.

Walirudi wameziba pua kwa buibui na vitambaa. Jumatatu mtoto akarudi darasani. Kamati ikaamua habari ya wanafunzi isichanwe tena. Anayeiona si kweli amwite mwandishi amwoneshe kosa. Mimi nilipata barua ya uhamisho. Sasa nasomesha upande wa Kizimkazi, wanangu nawaona mwisho wa wiki. Na hofu haijanitoka. Hata hapa, nilipoingia niliangalia kwanza nani kakaa nyuma.

Namshukuru mume wangu. Namshukuru yule mjumbe. Namshukuru mama wa mtoto: nilipomwambia ukweli alinimiminia chai. Na mtoto mwenyewe, shukurani zake sizimalizi.

Walezi wenzangu, msingoje hofu iondoke ndipo mseme, kwa sababu haiondoki. Na kama kuna mmoja hapa ameshamkana mwanafunzi wake, arudi akaseme kabla mtoto hajaadhibiwa kwa ajili yake. Mimi nilimwacha abebe peke yake siku sita. Mwenzangu, wewe usifikishe hata ya pili.