Roboti wa Kandambili

Fundi bati aliyekaa mbele yangu kwenye treni alikuwa amepakata kichwa cha roboti, alichokiunda kwa sufuria na taa mbili za pikipiki. Nesi aliyekaa ubavuni mwake akashindwa kuvumilia. "Kumbe ile filamu ni yenu! Kaka yangu, roboti atoke sayari nyingine kuja kuiteka dunia, halafu miguuni avae kandambili?"

"Tuliziona, dada," fundi akajibu. "Viatu vya bati vinamuumiza mama. Miguu yake huvimba."

"Roboti ni mama yako? Si umtafute kijana!"

"Simtoi. Asiyetaka kandambili asiangalie."

"Watu wanawacheka."

"Wacheke mpaka wachoke. Leo tunarekodi ya pili."

Nesi akanigeukia nimuunge mkono. Nikatazama dirishani, maana mtu mwenye vichwa viwili sibishani naye.

"Mwenye miguu ya kuvimba hukaa nyumbani," nesi akasema.

"Mwambie mwenyewe. Anatungoja stesheni."

Treni ikasimama. Jukwaani palikuwa na bibi mmoja, bati tupu kuanzia shingoni hadi magotini, kandambili miguuni, mkono kiunoni.

"Kichwa changu kiko wapi?" akafoka. "Dunia tunaiteka saa ngapi?"