Kamera ya Kumpiga Picha Mama

Mshonaji hakukusudia kutega sikio, lakini viti vya treni vilitazamana, na masikio hayana pazia. Dada aliyeketi mbele yake aliiona kamera kuukuu shingoni mwa mzee mmoja, akamwuliza kama angepata ya filamu kama ile kwa bei nafuu.

"Zipo, mwanangu. Usibabaishwe na jina. Chungulia kwenye kidirisha cha kamera, utaona picha mbili za kitu kimoja. Zungusha lenzi mpaka ziwe moja. Zikikataa, iache."

"Simu yangu iliibwa na picha zote za mama. Nataka za kushika mkononi. Daktari anasema hatafika mwisho wa mwezi."

Mshonaji akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Utataka kumkumbuka alivyo sasa?" mzee aliuliza polepole. "Mimi nilimpiga picha mke wangu akiwa hivyo. Mkanda wa filamu uko kabatini, mwaka wa tisa huu, sijathubutu kuusafisha."

"Wangu nitausafisha, baba."

"Hata mimi nilisema hivyo."

Treni ikasimama. Dada alishuka bila kuaga. Mzee, ingawa tiketi mkononi mwake ilikuwa ya kituo cha mwisho, akashuka nyuma yake akimwuliza mama amelazwa wodi gani.