Kochi Lisilo na Vitambaa

Mheshimiwa Chifu, Pasta Murunga, Mwenyekiti wa akina mama, wageni waalikwa kutoka Kawangware, na nyinyi majirani wa Laini Saba ambao hamkungoja kualikwa: hamjambo nyote?

Mimi Mwanzia na mke wangu Kaluki tunarudi Kitui kesho, na nyinyi, kwa upendo wenu, mmetupa picha hii aliyoichora jirani yetu Austine Opondo kwa chaki za rangi. Wa nyuma mnaiona? Ni nyumba yetu, Jumamosi. Kaluki ameketi kwenye kigoda anachambua majani ya kunde, na mimi nimelala kwenye kochi, kichwa nyuma, mdomo wazi. Austine hakunionea, hivyo ndivyo ninavyolala.

Shida ni kochi. Ni nani kati yenu, akina mama, hana kitambaa cha Kaluki nyumbani kwake? Viti vyote vya ploti hii amevivika yeye kwa krosheti yake, hata redio ya Pasta. Na siku Austine alipokuja na chaki zake, vitambaa vyetu vilikuwa vimefuliwa, viko nje kwenye kamba. Kwa hivyo kochi letu limechorwa uchi. Tangu jana Kaluki anasema picha haipandi lori, watu wa nyumbani watadhani Nairobi aliishi ovyo. Akamwomba Austine aongeze vitambaa, na Austine, mtu mpole, alikuwa ameshashika chaki nyeupe nilipomzuia.

Nilimzuia kwa nini? Waheshimiwa, kochi hilo nililitengeneza mimi mwenyewe, seremala, kabla hatujapata watoto. Nililipiga msasa mpaka likateleza. Kisha vitambaa vikaja, vyeupe, vizuri mno, na mimi, nywele zimejaa vumbi la mbao, nikaanza kuketi pembeni, mgongo wima, kama mtu aliyekuja kuposa. Simlaumu Kaluki. Mwenye chumba kimoja, tope mlangoni na moshi wa jirani dirishani, anajua weupe ule ulikuwa na maana gani. Lakini nikitazama picha hii namwona mzee aliyefika kwake, na mkewe yuko karibu, hana habari naye, anachambua kunde zake. Naipenda picha hii sana, jamani.

Kwa hivyo, Kaluki, Mama Ndeti wangu, nakuomba mbele ya Chifu na Pasta, maana tukiwa wawili hunishinda. Vitambaa vyako vitapata heshima zote Kitui. Lakini picha iende kama ilivyo, na kochi lile liwe langu la kuegemea. Unasemaje?

Ngojeni kidogo, anaongea polepole. Wa nyuma hamkusikia, nitawaambia. Amesema, "Baba Ndeti, mimi nilidhani ni wewe unavipenda. Egemea tu."

Miaka yote hiyo, ndugu zangu, na hatukuwahi kuulizana.

Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa kuishi nasi vizuri. Sasa naomba ruhusa, nikaketi na mke wangu.